Kisanduku Kinachoangalia Michenzani

Siku ya tatu ya matanga ya Bi Shemsa nilipanda ngazi za nyumba yake ya Kiponda mpaka juu kabisa, nikatoa kichwa kwenye kidirisha cha paa, na nikakuta taa ya kisanduku chetu cha intaneti bado inawaka. Ni taa ndogo ya kijani, haizidi punje ya choroko. Kisanduku kile nilikifunga kwa mikono yangu nilipokuwa msichana, kikiangalia majumba marefu ya Michenzani, na mtambo uliokuwa ukikijibu kutoka huko uling'olewa zamani, mimi nikiwapo. Kwa karibu miaka ishirini kimekuwa kikipewa umeme ili kiite, na hapana wa kukiitikia. Chini yangu wanawake walikuwa wakimalizia khitma. Mmoja wao, muda mfupi kabla sijapanda, alinishika mkono mbele ya wenzake akasema, "Huyu ndiye aliyewakutanisha marehemu na dada yake, Mungu amlipe," na chumba kizima kikaitikia amin. Nami niliitikia. Kuitikia kule ndiko kulikonifukuza chumbani kukanipandisha juu, nikijifanya natafuta hewa.

Nimefanya kazi ya habari umri wangu wote, kazi ya kuuliza watu na kuandika wanachojibu, na nimeandika aibu za watu wengi. Mwaka ule mmoja sijapata kuuandika. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza baada ya chuo, na kabla ya gazeti lolote kunijua nilikuwa mtu wa tatu katika ofisi ya watu watatu, ghorofani Mlandege, juu ya duka la magodoro. Harufu ya sponji mpya ilipanda na ngazi ikaingia kwenye karatasi, kwenye chai, kwenye nguo zangu. Mwenye ofisi alikuwa Ghalib, kijana mrefu wa Mjini aliyerudi kutoka Dubai na sanduku la vitabu vya bidhaa na kalamu za bure, mtu aliyecheka kabla ya kumaliza sentensi. Fundi alikuwa Makame, wa Tumbatu, aliyesoma mambo ya mawasiliano Dar es Salaam na aliyesoma kila karatasi kwa kidole, mstari kwa mstari, kama anayesoma juzuu. Mimi niliajiriwa kwa sababu ya jinsi nyumba zetu zilivyo. Ghalib alitaka kupeleka intaneti majumbani bila ya waya, kwa kisanduku kinachofungwa juu ya paa, na katika nyumba za Mjini huwezi kufika juu ya paa bila kupita vyumba vya wanawake. Mwanamme atapiga hodi asubiri mpaka watu wajifunike, na akiingia ataharakishwa atoke. Msichana hupita tu, na hupewa chai.

Kabla ya kununua chochote palikuwa na mazungumzo ya wiki nzima, na nayakumbuka kwa sababu yalifanyika wakati wa kula, mimi nikiwagawia. Siku moja tulikuwa na mikate ya ufuta na mchuzi wa pweza kutoka kwa mama mmoja wa Darajani. Makame alisukuma sahani pembeni akaweka karatasi. "Wenye viwanda hawajakubaliana," alisema. "Bado wako mezani. Kila kiwanda kina lugha yake. Hivi unavyotaka kununua vitasema na ndugu zao wa tumbo moja tu."

"Kwani wewe unataka viseme na nani?" Ghalib aliuliza.

"Na chochote. Viwango vya pamoja vikishapita, kisanduku cha kiwanda hiki kitaitikia mtambo wa kiwanda kile. Kikiharibika hiki unakwenda dukani unachukua kingine chochote."

"Na vitapita lini?"

"Wanasema mwakani."

"Mwaka jana walisema mwakani."

"Ndiyo maana nikasema tungoje."

Ghalib alicheka, akachovya mkate. "Yakhe, nyie Watumbatu mna subira ya mwamba. Tukingoja watakuja wakubwa kutoka Bara na minara yao, sisi tubaki kumsaidia huyu wa chini kupakia magodoro."

"Chombo hakijazibwa nyufa kwa kalafati," Makame alisema, "wewe ushakishusha majini na abiria ndani."

"Abiria gani? Abiria ni mashangazi zangu."

Tulicheka sote, na mimi nilicheka zaidi yao. Ghalib alikuwa na hoja moja ambayo ilimaliza mazungumzo, na mtu asiyekuwa wa kwetu asingeihesabu kuwa hoja. Yule bwana wa Dubai anayeuza mitambo ile alimwahidi kwamba viwango vikipita kiwanda kitaleta programu ya kuvifundisha visanduku vyetu lugha mpya, bila ya kubadilisha kitu. Makame aliuliza ahadi hiyo imeandikwa wapi. Ghalib akasema haikuandikwa, lakini wakati wa alasiri duka lilifungwa na wao wawili waliswali saf moja, bega kwa bega, na baada ya salamu yule bwana akaikariri ahadi yake kabla hawajanyanyuka. Makame alikunja karatasi. Alikuwa na jibu, nililiona usoni, lakini kulitoa kungekuwa kumtilia shaka mtu aliyetoka kuswali. Nikakusanya sahani.

Mitambo ilikuja na ikasomewa dua. Maalimu alikaa kwenye godoro jipya la kuazima, tukapitisha halua na kahawa, na Ghalib akakizungusha chetezo juu ya mtambo mama mpaka Makame akamwambia kwa upole kwamba ndani mna feni na feni inavuta moshi. Mtambo mama ulipandishwa juu ya jumba moja la Michenzani, mahali panapouona Mji Mkongwe wote, na visanduku vikaanza kupanda mapaani, kimoja kimoja, vikiuangalia. Miezi ile ya mwanzo nilikuwa na furaha ambayo siioni haya hata leo. Nikiingia nyumba ambazo nilizijua kwa milango yake tu. Nilijua nani bado anaweka sahani za kichina ukutani, nani amezificha, nani anakula wali wa jana asubuhi na mtindi. Nikishuka kutoka paani mikono ina kutu ya mabati, nakuta maji ya kunawa yamewekwa na kikombe kimefunikwa kwa kawa.

Nilikuwa pia mtu wa kuzunguka kuuliza hali, na hapo ndipo kazi yangu ya kwanza ya habari ilipoharibika. Nikiuliza, "Mtandao unakwendaje, Bi Mkubwa?" najibiwa, "Alhamdulillah, mwanangu, unakwenda." Nikiwa nje ya mlango, navaa viatu, namsikia Bi Mkubwa yule yule akimwambia binti yake, "Siku ngapi haujafunguka huu? Lakini mtoto wa watu, utamwambia nini?" Nyumba baada ya nyumba ilikuwa hivyo. Walikuwa jamaa zetu, majirani zetu, watu waliotulisha. Kutulalamikia mbele ya uso kulikuwa kuvunja kitu kikubwa kuliko mtandao. Makame alitaka kujua vingapi vimeharibika, ili tuagize vya akiba mapema kabla kiwanda hakijabadili mambo. Nilimpelekea nilichojibiwa. Nilichokisikia mlangoni sikukipeleka, nikijiambia kwamba sikuambiwa mimi. Basi ofisini tukajiona tunafanikiwa, na stoo tukabakisha kisanduku kimoja tu.

Kisha mume wa Bi Shemsa akafariki, naye akaingia eda. Bi Shemsa alikuwa shangazi yake Ghalib, mwanamke mwembamba, mkali wa macho, mwepesi wa mzaha, aliyeshona nguo za mabibi harusi wengi wa mtaa ule. Dada yake wa pekee, Bi Zakia, aliondoka na wengine walioondoka mwaka ule ambao kwetu hatuutaji kwa nambari, akaishia Maskati, akazeekea huko. Hawakuwa wameonana tangu usichana. Walipangiana kuonana mara nyingi, na kila mara ikazuka pasipoti, au uzazi, au mgonjwa. Safari hii mgonjwa alikuwa Bi Zakia mwenyewe, hawezi kupanda ndege kuja matangani, na madaktari wa huko walikwishaacha kutaja mwezi ujao. Na Bi Shemsa hakuweza kutoka. Maduka ya intaneti ya kulipia yalikuwapo Mjini, mwendo mfupi kutoka mlangoni kwake, lakini mwanamke wa eda hatoki miezi minne na siku kumi, na hakuwa mwanamke wa kutafuta ruhusa za pembeni.

"Sauti yake naipata kwenye simu," aliniambia siku nilipoitwa. Alikuwa amekaa chumba cha ndani, kanga nyeupe, hana wanja, hana pete, na kioo cha kabati kimefunikwa shuka, kwa kuwa katika nyumba yao mwanamke wa eda hajitazami. "Sauti haikuzeeka. Tukizungumza namuona yule yule wa miaka kumi na sita. Nataka uso, Ruki. Nimuone alivyo, na yeye anione nilivyo, tusije tukapotezana huko mbele."

Makame asingeweza kuingia. Nilipanda mimi, na yeye akasimama uchochoroni akinielekeza kwa simu, huku watoto wakimuuliza anazungumza na nani juu ya paa. Nikakifunga kisanduku kikiangalia Michenzani, nikateremsha waya mpaka chumbani, na kompyuta ya ofisi nikaiweka juu ya cherehani yake. Jaribio la kwanza lilikubali, tulimuona Makame, aliyekwisharudi ofisini, anakula embe, na Bi Shemsa aliyesimama pembeni ya mlango asionekane alisema, "Mwambie afute kidevu." Kisha akaona jambo jengine. Pembeni mwa kioo cha kompyuta palikuwa na mraba mdogo unaomuonyesha mtu uso wake mwenyewe. "Hicho si kioo hicho?" aliuliza. Nilimwambia kinaonyesha tu kwamba upande wetu unakwenda. "Ni kioo," alisema. Basi nikachukua plasta ya jeraha kutoka mkobani, nikaibandika juu ya ule mraba. Alisogea, akatazama kutoka pembeni, akaridhika. Tukapanga Jumamosi, kwa sababu siku hiyo Aziza, binti yake Bi Zakia, yuko nyumbani, na palitakiwa mwanamke wa kushika kompyuta upande wa pili ili pasiwe na mwanamme chumbani.

Ijumaa umeme ulikatika, na uliporudi ulirudi kwa kishindo. Taa ziliwaka kama mchana, na kisanduku cha Bi Shemsa kikafa. Jioni ile ile, hoteli moja ya njia ya Mtoni, mteja wetu mkubwa, ilipiga simu kwamba chao pia kimeungua. Stoo palikuwa na kimoja. Tulisimama watatu tunakiangalia kwenye boksi lake, harufu ya sponji imetuzunguka.

"Hoteli watavunja mkataba," Ghalib alisema. "Shangazi hatotuvunja. Shangazi atangoja. Nani wa kutungojea kama si wetu?"

Makame alisema, "Mgonjwa je, atangoja?"

"Wiki mbili tu. Nshaagiza vyengine."

Kisanduku kikaenda hotelini. Ghalib hakuwa mtu mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu, na alimpenda yule shangazi kuliko hoteli zote za pwani. Alifanya tunavyofanya sote: cha wageni huwahishwa, cha nyumbani hungoja, kwa sababu wa nyumbani ndio pekee tunaowaamini kwamba watatusamehe. Nikatumwa mimi kumwambia. Alikuwa anakunywa chai ya hiliki na mkate wa kumimina. Alinisikiliza mpaka mwisho, akakata kipande akanitia mkononi. "Mgeni kwanza, mwanangu," alisema. "Siye wa nyumbani tutakula ukoko." Nilikula kile kipande. Mkate ule ulikuwa mtamu, na mimi niliuona utamu wake, na mpaka leo hilo nalo linanitesa.

Visanduku vilikuja baada ya wiki tatu, vizuri kuliko vyetu, vidogo, vyepesi, na ubavuni vina muhuri wa viwango. Wale waliokuwa mezani walikuwa wamekubaliana. Makame alikiwasha cha kwanza, akakaa nacho tangu asubuhi mpaka adhana ya magharibi, bila ya kula. Alipoinuka alisema, "Vinasikiana, havifahamiani." Kisanduku kipya kilijua lugha iliyokubaliwa, mtambo wetu wa Michenzani ulijua ya kwao tu. Ghalib alipiga simu Dubai, ikaita tu bila ya kupokelewa. Kiwanda kilijibu kwa barua ya heshima: aina yetu imesitishwa kutengenezwa, programu ya kuifundisha lugha mpya ipo, lakini ni kwa mitambo iliyotoka baada ya hii yetu, tunashauriwa tununue mtambo mama mwingine. Ghalib aliisoma kwa sauti mpaka chini. Makame angeweza kusema neno lake la kalafati. Aliteremka akatuletea kahawa.

Bi Zakia alikuwa anazidiwa. Makame akafungua kisanduku kilichoungua juu ya meza, akakiwekea viungo vya kingine kibovu tulichokitoa kwa mteja, akakirudisha kwangu kimefungwa kwa utepe mweusi. "Kinapumua," alisema. "Lakini usikiache. Kishike kwa mkono, ukigeuze taratibu, nikuambie kinaposhika." Yeye akaenda Michenzani kukaa na mtambo. Mimi nikaenda Kiponda. Nilimkalisha Bi Shemsa mbele ya cherehani, mgongo wake kwenye mlango wa chumba cha ndani. Nikakagua plasta ya pembeni ya kioo. Nikamuonyesha pa kubonyeza. Aziza alikuwa kwenye simu kutoka Maskati, anasema mama amekalishwa, amevalishwa, yuko tayari. Nikapanda juu.

Mabati yalikuwa ya moto. Nilikishika kisanduku kama mtu anayeshika kichwa cha mtoto anyolewe, nikikigeuza kidogo kulia, kidogo kushoto, simu nimeibana begani, Makame akisema, "Kimeingia. Kimetoka. Rudi. Hapo. Kimetoka." Nikaita chini kupitia tundu la ngazi, "Bi Shemsa, kuna kitu?"

"Bado, mwanangu."

Nikageuza tena. "Bi Shemsa?"

"Bado."

Kisha sikujibiwa. Nilisikia sauti yake, chini chini, maneno sikuyapata, ila jina la Zakia nililipata, na kicheko kifupi, au kitu kinachofanana na kicheko. Sikuthubutu kusogeza mkono. Nilibaki vile mpaka vidole vikafa ganzi na Makame akasema, "Basi, Ruki. Kimetoka moja kwa moja." Nilikifunga pale pale, taa yake bado inawaka. Nilipoteremka nilikuta kioo cha kompyuta kijivu chote, kama majivu, na Bi Shemsa amekaa mbele yake mikono mapajani.

"Nshamuona," alisema, kabla sijauliza. "Kazeeka. Inatosha, mwanangu. Nenda kanawe."

Nilimuuliza Makame jioni. Alisema kilikuwa kikiingia na kutoka kama mtu mwenye kwikwi. "Picha haipiti hapo," alisema. "Hata ya sisimizi." Nikajua basi kwamba Bi Shemsa ametusitiri. Bi Zakia alifariki eda haijamalizika, na wanawake walipokuja kumpa pole Bi Shemsa kwa mara ya pili mwaka ule, aliwaambia wote, mimi nimebeba sinia la kahawa katikati yao, "Mimi simlilii sana, nilimuona. Watoto hawa walinionyesha." Wakanishukuru mmoja mmoja. Anayesitiriwa hujua anachositiriwa, na mzigo wake ni huo, kwamba hawezi kuukataa bila kumuumbua aliyemsitiri. Ningesema nini? Kwamba mwanamke wa eda amesema uongo? Nilipitisha kahawa.

Kampuni ilikufa kabla ya mwaka kwisha. Walikuja wakubwa, na visanduku vya muhuri, na wakawachukua wateja wetu, ambao waliondoka kwa kuomba radhi. Mtambo mama tuliushusha wenyewe. Ghalib alihamia Maskati. Makame amekuwa mtu wa minara ya Bara. Mimi nikaingia kwenye habari, na katika kazi hiyo nikawa maarufu kwa kutoridhika na jibu la kwanza. Wenzangu hudhani nimezaliwa nako. Kwa Bi Shemsa nilikwenda Idi na Idi, nikakaa kidogo, nikatafuta sababu ya kuondoka. Hakuwahi kuniuliza kwa nini siketi. Juu ya paa sikupanda tena.

Sasa nilikuwa nimepanda. Niliporudi chini niliulizia ile taa, na mke wa mpangaji wa chini, aliyemuuguza marehemu, akanionyesha waya nyuma ya kabati. "Tulitaka kuuchomoa miaka," alisema. "Akisema, kiacheni, cha mtoto wa watu." Hapo niliamua kusema. Ghalib na Makame walikuwa nje barazani na wanaume, mmoja mvi kichwa kizima, mwingine kanenepa, wamekaa pamoja, wao wangengoja. Nilimtafuta Aziza, aliyekuja kutoka Maskati kumzika mama yake mdogo. Tulikuwa hatujawahi kuonana. Tulijuana kwa sauti ya simu ya siku ile. Nilimkuta chumba cha cherehani anakunja misala, nikakaa chini, nikamwambia kwamba siku ile picha haikupita, kwamba mama yake na mama yake mdogo hawakuonana, na kwamba shukrani nilizozipokea hazikuwa zangu.

Aliendelea kukunja. "Miye nilishika kompyuta kwa nyuma," alisema. "Nimeiinua juu ya kitanda hivi. Mbele sikuona kitu, na nilipoigeuza baadaye kioo kilikuwa kitupu. Mama akanena, 'Shemsa kakonda. Pazia la nyuma yake la samawati, limefungwa pembeni kwa utepe.' Miaka yote nikidhani ananipa moyo, nisijione nimeshindwa. Nami nilikuwa nimekuja na nia ya kukuomba radhi wewe, kwamba mnashukuriwa kwa kitu kisichokuwa." Akaiweka misala. "Ruki, nyuma yake palikuwa na pazia gani?"

Nakumbuka mkate wa kumimina. Nakumbuka plasta ya jeraha, kanga nyeupe, kioo kilichofunikwa shuka, kidevu cha Makame. Kiti nilikipanga mimi, mgongo wake kwenye mlango ule. Pazia silioni. Nilitoka mpaka barazani nikamwita Makame pembeni, nikamuuliza kama kisanduku kinaweza kupeleka picha kisiweze kuleta. "Kizima, hapana," alisema. "Kile nilichokifufua mimi, sijui. Ule mraba wa pembeni ndio ungekuambia kama upande wenu unakwenda." Nikamwambia ule mraba niliubandika plasta. Alinitazama, akaangalia chini. Ghalib alituuliza kutoka alipokaa tunanong'ona nini. "Alimuona, sivyo?" alisema. "Katika yote yale, hilo tulilifanya." Makame aliniachia mimi nijibu. Nilisema bado nauliza.

Na nimeuliza. Nimewafuata wanawake watatu waliokuwa wakiingia chumba kile wakati wa eda, walio hai na akili zao timamu, kila mmoja peke yake, bila ya kumwambia mwenzake alivyojibu. Wa kwanza amesema pazia lilikuwa la samawati, lenye utepe. Wa pili amesema Bi Shemsa aliyatoa mapazia yote ya rangi akatundika meupe siku aliyozikwa mumewe. Wa tatu amesema mlango ule haujapata kuwa na pazia.